Kidirisha cha Chini

Mlionisoma tangu mwanzo mnajua kwamba mimi, Wendell Maxey, ndiye niliyeunguza nyumba ya mama yangu. Nilikiri mwenyewe mbele ya kanisa zima la Pinder Bluff, kwa mdomo wangu, huku nalia. Mliokosa wiki zilizopita msijali, nawapa kwa ufupi.

Tarehe tisa Machi, asubuhi, nilichoma kuku kwenye veranda ya nyuma kwa Mama. Nilitumia jiko langu la kauri, lile zito lenye umbo la yai, ambalo kwetu tunaliita Mtungi. Nilipomaliza nikafunga tundu la juu na kidirisha cha chini ili mkaa ukose hewa ufe. Kisha nikaenda dukani. Saa tisa alasiri nyumba ilikuwa imebaki bomba la moshi na ngazi tatu za mbele.

Mtu wa zimamoto alikuta kidirisha cha chini kiko wazi. Makaa yalikuwa yamedondokea kwenye mbao.

Nakumbuka nilikifunga. Lakini nani atamwamini mtu aliyewahi kuunguza banda la kuku la jirani, pazia la ukumbi wa kanisa na nyusi zake mwenyewe, vyote kwa haraka zake? Hata mimi sikujiamini.

Mama hakuwamo. Alishinda kwa dada yangu Ernestine, akarudi mara moja tu mchana kuchukua miwani yake, akiendeshwa na shemeji yangu Thaddeus, mume wa Ernestine. Walipishana na moto kwa nusu saa. Kila mtu alisema Mungu ni mkubwa.

Tangu siku hiyo Mama, mwenye miaka themanini na mmoja, hajala kitu kilichopita mikononi mwangu. Hata maji hapokei.

Sasa sikieni ubaya wenyewe. Babu, yaani baba yake Mama, alipokuwa anakata roho alimwapisha: nyumba hii ikiwa imesimama, ardhi haiuzwi. Mama akashika kiapo miaka sitini. Wanunuzi walikuja na magari meupe, akawafukuza kwa ufagio. Lakini nyumba sasa haipo, na Thaddeus amepata mtu anayeitaka pwani yetu yote.

Ardhi ni ya ukoo, haiuziki mpaka kila mtoto atie sahihi. Wote walikuwa wameshatia. Nilibaki mimi, ninayeishi kwenye trela nyuma ya lile bomba la moshi, nisiye na mahali pengine pa kufia. Sikutaka iuzwe. Ila mwenye hatia angekataa kwa mdomo upi? Nikasema nitatia sahihi Jumapili ya Kurudi Nyumbani, saa tisa alasiri, ukoo wote ukiwa umekuja kutoka Atlanta na Detroit.

Jumapili yenyewe ndiyo hii.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa uwanjani nyuma ya kanisa na Mtungi wangu. Kanisa lilikuwa limenipa nafasi ya mwisho: nichome mbavu za nguruwe kwa meza ya wazee. Wengine wote wangelishwa na Shemasi Purvis kutoka kwenye pipa lake la chuma.

Mimi nilikuwa na shida na mtu mmoja tu pale mezani. Niliapa kwamba siku hiyo Mama atakula. Akila, nitatia sahihi nikiwa mtu, si mbwa.

Mkaa alikuwa ameniletea dada Ernestine jioni ya kuamkia siku hiyo, magunia matatu ya karatasi. Thaddeus ndiye anayeuchoma, ana tanuri la chuma huko msituni.

"Niliyakuta nyuma ya banda, yamefunikwa turubai," alisema Ernestine. "Unamjua Thaddeus, kile kizuri ndicho anachokificha. Chukua, kaka. Mpikie Mama vizuri."

Basi nikawasha sehemu moja tu katikati, nikaacha hewa ipite, nikasubiri. Moshi ukatoka mweupe, mzito, unabingirika.

"Wendell!" Shemasi Purvis akaita kutoka kwenye pipa lake. "Unamchagua papa hapo?"

"Mkaa ndio unaamka, Shemasi."

"Moshi mweupe hivyo, Roma wameshapiga kengele!"

"Subiri uone."

"Nisubiri mimi? Aliyeshindwa kusubiri maisha yake yote ni nani hapa? Nyusi zako zimeota?"

"Umeota mmoja."

Akacheka mpaka akashika pipa, akaungua kidole, akatukana kidogo kisha akaomba radhi kwa Mungu kwa kuwa ilikuwa Jumapili.

Mweupe ndio moshi mchafu. Nyama ukiiweka humo inatoka chungu, ulimi unakufa ganzi. Moshi safi ni mwembamba, una ubuluu kidogo, unauona kwa kukodoa macho tu. Unatandaza kiganja juu ya tundu, unakihesabia kumi, unakinusa. Kikinuka tamu, weka nyama. Kikinuka vibaya, kaa chini.

Wendell wa zamani asingekaa. Angetupa mbavu humo, akazipaka mchuzi mwingi wa kuficha aibu. Wendell mpya alivuta kiti.

Nusu saa ikapita. Mweupe. Saa nzima ikapita. Mweupe vilevile, na sasa ulikuwa na harufu.

Nilitandaza kiganja, nikakinusa. Haikuwa harufu ya kuni mbichi peke yake. Ilikuwa harufu ya rangi ya zamani na ya chumba kilichofungwa muda mrefu.

Shemasi Purvis naye aliinusa. Alikuja karibu bila utani.

"Wendell, humo ndani kuna nini?"

"Mkaa tu."

"Huo si mkaa tu. Kuna kitu hakijaiva humo. Kitoe."

Mfuniko wa Mtungi haufunguliwi kwa pupa. Moto ulionyimwa hewa ukipewa ghafla unakurukia usoni, hivyo ndivyo nyusi zangu zilivyokwenda. Niliinua upana wa kidole, nikauacha upumue, nikainua tena. Kisha nikatia koleo, nikapekua.

Kilikuwa pembeni, urefu wa mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Nusu yake ilikuwa mkaa, nusu bado ubao, na ndicho kilichokuwa kinafuka. Nikakitoa, nikakizima kwenye ndoo ya mchanga, nikakifuta kwa kitambaa.

Kilikuwa na rangi ya buluu ndani ya michongo.

Nikakaa chini.

Kwetu fremu za madirisha hupakwa buluu, wafu wadhani ni maji wasivuke. Babu alipaka zote. Lakini fremu moja tu aliichonga meno madogo kwa patasi, ya dirisha la chumba cha Mama, na jino la saba lilikuwa kubwa kuliko mengine kwa kuwa patasi ilimteleza. Utotoni nilikuwa nikiumwa, Mama ananilaza kitandani kwake, na mimi nayahesabu yale meno mpaka napata usingizi.

Nikayahesabu. Moja, mbili, tatu. La saba lilikuwa kubwa.

"Umepauka," alisema Shemasi Purvis. "Nini?"

"Hakuna, Shemasi. Kuni mbichi."

Kwa nini nilimficha? Sijui. Mtu mwenye hatia anaficha hata yasiyo yake.

Ndipo pikapu ya Thaddeus ikaingia uwanjani. Akashuka na suti yake ya kijivu, bahasha ya karatasi za ardhi kwapani, anatabasamu. Akaja akinyoosha mkono. Kabla hajafika, macho yake yakaangukia magunia. Mkono ukashuka wenyewe.

"Shemeji," akasema. "Magunia haya kakupa nani?"

"Mkeo."

"Ernestine?"

"Una mke mwingine?"

Hakucheka. "Hayo si ya kupikia."

"Mkaa usio wa kupikia ni wa nini, shemeji? Wa kupigia mswaki?"

"Nasema yarudishe. Nikuletee mengine, nina gari hapa."

Nikamwonyesha kile kipande. Thaddeus alikitazama muda mrefu, halafu akaenda kuketi kwenye bampa la pikapu, akavua kofia.

"Nisamehe, Wendell," akasema kwa sauti ndogo. "Baada ya moto nilikwenda kuokota mabaki. Zile mbao za babu yenu, msonobari wa zamani, mgumu, sikutaka zioze mvuani. Nikazitia tanurini. Nikaona haya kuyauza, nikayafunika turubai. Mama asijue, tafadhali. Utamuua."

Na machozi yakamtoka. Mtu mzima, na suti.

Mimi nilifanya nini? Nilimkumbatia. Nilimwambia asante kwa kuheshimu mbao za babu. Mimi ndiye niliyeunguza nyumba, nitamlaumu vipi aliyeokota vijinga vyake?

"Nipe nikakitupe mtoni," akasema.

"Acha, nitakizika mwenyewe nyuma ya trela."

Akasita. Aliutazama ule ubao kwa namna ambayo wakati ule niliidhani ni huzuni. Kisha akaondoka kwenda kuwapokea watu wa Detroit.

Baada ya kile kipande kutoka, moshi ulianza kupungua. Dakika ishirini tu. Ukawa mwembamba, ukawa wa kukodolea macho. Nilitandaza kiganja, nikakihesabia kumi, nikakinusa. Tamu.

"Shemasi!"

Purvis akaja, akainamia, akanusa kiganja changu yeye mwenyewe. Akanitazama.

"Mungu wangu," akasema. "Amekua."

Nikaweka mbavu saa mbili kasoro. Nikabana kidirisha cha chini kikabaki upana wa kidole kidogo, na tundu la juu vilevile. Sikuufungua mfuniko kuchungulia, ingawa mikono iliniwasha. Kutoka kanisani walikuwa wanaimba, nami nikaimba pamoja nao huku nje. Sijawahi kuwa na amani kama ile tangu Machi, na ninaisema hapa kwa sababu ilikuwa ya saa nne tu.

Saa sita nilitaka kupiga magoti nifute jivu chini ya Mtungi. Nikachukua gunia tupu nilitandike.

Thaddeus ana tabia moja ya majivuno. Kila gunia huliandika kwa chaki ya mafuta siku aliyofungua tanuri. Husema mkaa una umri. Purvis humjibu kwamba mkaa hauna umri, anayezeeka ni yeye.

Gunia liliandikwa: 21 Februari.

Nikalisoma tena. Nikachukua la pili. 21 Februari. La tatu. 21 Februari.

Nyumba iliungua tisa Machi.

Nilihesabu kwa vidole, mtu mzima, nimepiga magoti kwenye majani makavu ya msonobari. Februari huja kabla ya Machi. Nilihesabu mara tatu kana kwamba ingebadilika. Dirisha la mama yangu lilikuwa limechomwa tanurini siku kumi na sita kabla ya nyumba kuungua. Hakuna mabaki yaliyookotwa. Kipande kile kilikatwa kwa msumeno nyumba ikiwa nzima.

Thaddeus! Machozi yake yote yale!

Nilipata hasira, na ndani ya hasira furaha, na furaha ndiyo iliyonitisha zaidi. Kama Thaddeus aling'oa mbao nzuri za nyumba kabla ya moto, basi alijua moto unakuja. Na kama alijua moto unakuja, basi si mimi. Si mimi! Nilikifunga kile kidirisha. Miezi mitano nimejiita mchomaji, mke kaniacha, mama kanisusa, na nilikifunga.

Wendell wa zamani angekimbilia kanisani akapiga kelele katikati ya wimbo. Nilijizuia. Nikalikunja gunia moja, nikalitia ndani ya shati. Ningelitoa saa tisa, mbele ya ukoo mzima, kalamu ikiwa mezani. Lakini kwanza Mama ale.

Saa saba watu wakatoka. Mama alikuja taratibu na fimbo yake, kofia yake nyeupe ya kanisani kichwani, Ernestine amemshika kiwiko. Wakamkalisha mwisho wa meza ya wazee, hatua tatu kutoka kwenye Mtungi. Nikakata mbavu mbili, nikaziweka kwenye sahani, na kabichi, na kipande cha mkate wa mahindi. Nikaweka mbele yake.

Hata Shemasi Purvis aliacha kutafuna.

Mama aliitazama sahani. Akainama akainusa. Kisha akachukua ubavu kwa vidole vyake viwili, akang'ata.

Akatafuna polepole. Akameza. Akang'ata tena.

"Moshi wake safi," akasema.

Ernestine alianza kulia. Mtu akapiga makofi. Purvis alinipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Nilisimama pale mjinga wa watu, machozi yanaingia mdomoni, nikaona hata kama dunia ingeishia hapo isingekuwa na kosa.

Saa nane na nusu wakaanza kuelekea ukumbini kwa ajili ya sahihi. Thaddeus alipita na bahasha yake, akanigusa bega.

"Shemeji, usichelewe."

"Nakuja," nikasema. "Nina neno la kusema leo."

Ernestine akataka kumwinua Mama.

"Niacheni nipumzike kidogo," Mama akasema. "Nitakuja na Wendell."

Tukabaki wawili. Nilifunga tundu la juu. Nilifunga kidirisha cha chini, nikakigonga kwa kiatu kusikia kama kimekaa. Kilikuwa kimekaa. Hili nawaomba mlishike.

Kisha nikapiga goti mbele yake, nikatoa kile kipande cha ubao kwenye ndoo ya mchanga, na gunia kutoka ndani ya shati.

"Mama, usishtuke. Tazama. Hili ni dirisha lako. Lilikuwa kwenye mkaa wa Thaddeus. Na tazama tarehe hapa. Ni Februari, Mama! Alilikata kabla. Aliunguza nyumba yako huyu mtu, mimi sikuiunguza!"

Hakushtuka. Alitoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akautazama ubao. Akapitisha kidole kwenye meno, akafika kwenye la saba, akaacha kidole hapo.

"Wendell, kitanda changu kilikuwa wapi?"

"Mama?"

"Kilikuwa wapi kitanda changu?"

"Chini ya dirisha."

"Unadhani mtu angekata fremu kichwani pangu nisisikie?"

Ukumbini walikuwa wanaburuta viti. Nilisikia kila kiti.

"Baba yangu alisema moto hauli nyumba yenye buluu," akasema. "Kwa hiyo nilianza na buluu. Fremu moja baada ya moja, kila wiki. Thaddeus aliweka mbao mpya, nyeupe. Wewe ulikuja kula kwangu kila siku ya Mungu, na hukuona kwamba madirisha yamebadilika rangi."

Niliyaona. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Niliyaona meupe, nikadhani yamesafishwa, nikauliza chakula kiko wapi.

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu nimechoka." Hakuwa na hasira, alisema kama anayetaja saa. "Miaka sitini nimekuwa mlinzi wa mtu aliyekufa. Sikwenda Detroit na baba yako alipoitwa kazini, alikwenda peke yake na hakurudi. Niliapa, nyumba ikisimama. Nilitaka kulala usiku mmoja bila kulinda kitu. Sikuweza kuvunja kiapo. Basi nikavunja nyumba."

"Na mimi? Mama, mimi je? Ulinitazama nakiri kanisani!"

Akanishika shavu. Mkono wake ulinuka mbavu zangu.

"Ulikuwa wewe peke yako ambaye kila mtu angesadiki, mwanangu. Kidirisha ulikifunga vizuri. Nilihangaika nacho sana kukifungua, kilikuwa cha moto."

Nitasema nini hapa? Mnaosoma mnaweza kunicheka. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Kidole chake cha shahada kilikuwa na kovu jipya la kuungua, na miezi mitano yote sikuwa nimeruhusiwa kukikaribia nikakiona.

"Sasa nenda katie sahihi," akasema. "Yaishe."

"Siendi kutia sahihi, Mama. Naenda kuwaambia."

Nilidhani atalia. Badala yake akatikisa kichwa polepole, akanyoosha mkono.

"Basi niachie dirisha langu nilishike. Mara ya mwisho. Nililala chini yake tangu nikiwa msichana."

Nami nikampa. Ndiyo, nilimpa! Mama yangu, anataka kupokea kitu mkononi mwangu kwa mara ya pili siku hiyo, ningemnyima? Nikachukua gunia langu, nikaenda.

Kutoka kwenye Mtungi hadi mlango wa ukumbi ni hatua hamsini hivi. Sikugeuka nyuma. Ndani walikuwa wamekaa wote, watu wa Atlanta upande huu, wa Detroit upande ule. Thaddeus alikuwa mezani na kalamu. Aliponiona na gunia mkononi alikaa chini bila kutaka.

"Ndugu zangu," nikasema. "Kabla ya sahihi nina jambo. Tarehe tisa Machi, kile kidirisha cha chini nilikifunga."

Mtu mmoja aliguna. Ernestine akafunga macho. "Kaka, si leo."

"Nilikifunga! Na nina ushahidi. Nisikilizeni kwa dakika mbili tu, mimi ni mtu wa haraka lakini leo nasema taratibu. Nilikifunga, na aliyekifungua..."

"Wendell!"

Ilikuwa sauti ya Shemasi Purvis, kutoka nje. Haikuwa sauti ya utani.

"Wendell! Kidirisha! Umeacha kidirisha wazi!"

Tulitoka wote kwa kusukumana. Kidirisha cha chini cha Mtungi kilikuwa wazi kabisa! Makaa mekundu yalikuwa yamemwagika kwenye majani makavu ya msonobari, na moto ulikuwa unakwenda mbio, mdogo, wa chini, unaelekea moja kwa moja kwenye ngazi za mbao za kanisa. Mfuniko nao ulikuwa umeinuliwa. Moshi mweupe ulikuwa unatoka humo, mzito, wenye harufu ya rangi ya zamani.

Wanaume wakakimbilia ndoo. Mimi nilibaki nimesimama na gunia la karatasi mkononi, na nyuso hamsini za ukoo wangu zikageuka kutoka kwenye moto zikanitazama. Thaddeus peke yake ndiye aliyekuwa hatazami kwangu.

Nikafuata macho yake. Mama alikuwa ameketi palepale mwisho wa meza, kofia yake nyeupe kichwani, mikono mitupu mapajani. Fimbo yake ilikuwa imeegemea goti, na ncha yake ilikuwa nyeusi kwa jivu.

Ernestine alimkimbilia, akamkumbatia. Mama akamlaza kichwa begani, akanitazama mimi juu ya bega la dada yangu.

"Huyu mtoto," akasema, kwa sauti ya kusikika na watu wote. "Huyu mtoto, jamani, hajifunzi."